Hatakuwa Mrefu

Nikisikia harufu ya dawa ya kudekia, narudi kwenye benchi la hospitali kule mlimani, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa bibi, unaonuka moshi na majani ya migomba. Mama alikuwa chumba cha upasuaji. Daktari mzungu akatoka, akatutazama kwa upole, akasema, "She won't be long," akaenda zake.

"Amesemaje?" bibi akaniuliza. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyesoma Kiingereza.

Nilijua long ni refu. Hatakuwa mrefu. Nikaligeuza neno hilo kichwani mpaka likanipa maana: maisha ya mama hayatakuwa marefu.

"Sijasikia vizuri, bibi."

Akaanza kusali rozari kwa Kichagga. Mimi nilikodolea macho ule mlango, nikimwomba Mungu usifunguke.

Ukafunguka. Mama akatolewa kwenye kitanda cha magurudumu, macho yake wazi.

"Mbona unalia?" akanong'ona.

Nesi aliyesukuma kitanda akashangaa. "Si daktari aliwaambia hatakawia?"

Bibi akanigeukia. Nilikuwa nimeushika mguu wa mama juu ya shuka, nikihisi joto lake.