Bibi wa mchumba wangu Mpolandi alidhani namkejeli, kumbe "s" yetu ni moja

Wakuu, amani kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Ghubra, Maskati, sitii chumvi hata punje.

Mimi Mjaluo wa Rorya. "Sh" hainitoki. Shamba kwangu ni samba, shida ni sida. Kazini kuna Waomani wenye asili ya Zanzibar, watu wa kutamka "kh" na "gh" zao kama wanasoma khutba. Wao wananiita Bwana Samba.

Mchumba wangu Ania ni Mpolandi, mwalimu hapa Maskati. Juzi mama yake na bibi yake walikuja kuniona. Ania akanionya mapema: bibi akikataa, ndoa hakuna.

Nikajifunza Kipolandi kwa jasho. Lugha yenyewe imejaa "sh", wao wanaiandika sz. Kati ya lugha zote duniani nikaangukia hiyo!

Siku ya siku nikampa bibi glasi ya karak, chai ya maziwa ya huku. Neno la kumkaribisha mtu ni proszę, yaani "proshe". Mimi likanitoka: "Prose, babciu." Karibu, bibi.

Mama mtu akawa mwekundu. Bibi akaweka glasi chini.

Kumbe bibi ni wa vijijini Mazowsze, na wazee wa huko sz wanaitamka "s", cz wanaitamka "ts". Alipohamia mjini akiwa binti walimcheka mpaka akaogopa kuongea dukani. Sasa akaona mkwe naye kaja kumwigiza!

Ania akaeleza, bibi hataki kusikia. Nikampigia mama yangu Rorya kwa video, bila kumwambia kitu. Ania, mwenye Kiswahili cha kuombea maji, akaanza:

"Shikamoo mama. Nashukuru kukuona."

"Marahaba mwanangu! Hata mimi nasukuru. Huko hakuna sida?"

Bibi akasogea kwenye simu. Akataka warudie wote wawili. Nashukuru. Nasukuru. Akacheka mpaka machozi, akainywa karak yote, akaninyooshea glasi: "Jesce!" Kitabuni ni jeszcze, ongeza.

Halafu akanishika mkono, akamgeukia mama mtu: "To nas."

Kitabuni ni nasz. Huyu ni wetu.

Nikaitikia: "Nas!" Kwa mara ya kwanza hakuna aliyenisahihisha. Ndoa Desemba, Rorya, na bibi ameshasema anakuja.

Nilichojifunza: lafudhi unayoionea aibu, kuna mtu mahali anaisikia kama sauti ya kwao.

Haya, ninyi wa "r" na "l", njooni mseme zenu zimewafikisha wapi. Kucheka ruksa, mimi mke nimepata.