Mama wa Woodley na Maiti wa Kijerumani

Habari ilinikuta kwa kinyozi huko Waithaka, nusu ya kichwa changu ikiwa imenyolewa. Mzee aliyekuwa akisubiri zamu alisema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba yule mama wa Woodley aliyekuwa na video ametutoka. Nilimwomba kinyozi asimame kidogo. Wasomaji wangu mnajua sina desturi ya kumsifu mtu kwa sababu tu amekufa; wako niliowazika nikiwa na mengi moyoni, nikafunga mdomo. Huyu namsifu bila kushurutishwa, maana nilimpenda.

Katika miaka ya themanini alikuwa karani mjini, mjane kutoka magharibi mwa Kenya, na katika safu yetu ya nyumba mtaani Woodley ni yeye peke yake aliyekuwa na deki ya video. Jumamosi akitoka kazini alipitia River Road, kwenye duka la familia moja ya Kihindi iliyokodisha kanda, akarudi na mfululizo wa Kijerumani wa mauaji. Kila kanda ilikuwa na maiti wake mpya na mpelelezi yuleyule, mtu mzima mwenye koti refu na uso wa mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Kijerumani hatukukijua, wala yeye hakukijua; tulifuata maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha. Sisi vijana tulijazana sakafuni, naye alikuwa na sheria moja. Maiti akishaonekana, alisimamisha kanda. "Hapa hatuulizi nani ameua kabla hatujamlilia mtu," alisema. "Huyu ni mtoto wa nani? Nani ataenda kumwambia mama yake?" Kwao marehemu hazikwi kimyakimya, watu huketi matangani wakamsimulia mpaka hata mgeni aone kama alimjua. Basi kila mmoja wetu alitoa neno juu ya yule Mjerumani aliyelala zuliani: huenda alifuga mbwa, huenda tai ile ya shingoni alinunuliwa na binti yake. Mwanzoni tulicheka sana. Baadaye tukaizoea kazi hiyo, tukaifanya kwa heshima.

Wazazi walinung'unika. Mkali kuliko wote alikuwa jirani yetu mmoja mwenye mashine ya kuchapisha kadi na mabango mjini. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameuawa na majambazi miezi michache kabla, na tangu mazishi yale jina la kijana lilipigwa marufuku nyumbani, hata picha yake ikateremshwa ukutani. Binti yake, rika langu, alikuwa akija kutazama nasi huku akiaga nyumbani kwamba anaenda mazoezi ya kwaya. Jumamosi moja baba mtu akagundua. Aliingia bila kubisha, kanda ikiwa imesimama na maiti yuko pale kwenye kioo.

"Mama, unaharibu watoto wa watu!" alifoka. "Huyu msichana amezika ndugu yake juzi tu, na wewe unamuonyesha maiti?"

Kusema kweli alikuwa na hoja, na mwenye nyumba hakubishana naye. Aliyejibu ni binti. "Baba, hawa wazungu wanakuja kuuliza. Wanauliza mpaka kwa jirani, huyu alikuwa mtu wa aina gani. Sisi hakuna mtu alikuja kutuuliza. Hata wewe hutaki tuulizane."

Nilidhani atamzaba kofi. Yule mama akainuka, akamsogezea kiti chake mwenyewe. "Kaa, baba. Mimi nakuuliza. Kijana wako alikuwa mtu wa aina gani?"

Alibaki amesimama, mkono kwenye mlango. Kisha akakaa. "Alikuwa anapiga mluzi akioga," alisema. "Mimi nilikuwa namgombeza, ati anaamsha watu." Akalia pale pale mbele yetu. Binti yake akaketi karibu na miguu yake, akaongeza kwamba kaka alikuwa akiimba pia, tena vibaya, na wote wawili wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mama akaenda kuweka chai motoni.

Wazazi huniuliza siku hizi kama hadithi za mauaji katika televisheni zinawafaa vijana. Mtoto mdogo apelekwe akacheze nje, hilo halina mjadala. Lakini kijana wa miaka kumi na mitano katika mji huu ameshakutana na kifo, tena bila maandishi ya kumfafanulia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na majonzi nayo ni maradhi. Kwa hiyo ukimwona mwanao amemkodolea macho maiti wa kuigiza, usikimbilie kuzima. Keti naye kwanza, umuulize anamfikiria nani. Huenda akakutajia jina ambalo nyumbani kwako hakuna anayethubutu kulitaja.