Meza ya Matangazo ya Vifo

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Idara alinipeleka kuona studio, nami nikadhani ananitania. Kilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya majembe na mafagio. Ukutani walikuwa wamepigilia trei za mayai kutoka juu hadi chini ili sauti isigonge ukuta ikarudi, na katikati palikuwa na meza, maikrofoni moja iliyovishwa soksi, na kiti kilicholia kila ulipojisogeza. Mimi nilikuwa nimetoka Nairobi na shahada yangu ya pili, nimevaa viatu vya kuonekana. Chuo kilikuwa karibu na Makutano, Meru, na malori ya barabarani yaliingia katika kila kitu tulichorekodi. Wanafunzi wangu wa kwanza walisoma taarifa za habari huku lori linabadilisha gia nyuma yao.

"Madam Kananu," Mkuu wa Idara akaniambia, "hawa watoto wamekuja wakidhani tutawafanya watu wa televisheni. Wewe wafundishe kusikiliza kwanza. Kuongea wanajua."

Nyinyi mnaosoma mawasiliano leo, kila mmoja na simu inayorekodi vizuri kuliko studio yetu yote, mtacheka. Chekeni tu. Lakini kozi ilikuwa ileile ya miaka minne. Mwaka wa kwanza ni nadharia, na wengi walisinzia. Mwaka wa pili tuliwafundisha kuandika habari kwa mtindo wa piramidi iliyopinduliwa, yaani lile jambo kubwa linakaa juu na madogo yanafuata, ili mhariri akikosa nafasi akate kutoka chini bila kuumiza habari. Mwaka wa tatu walikwenda atachimenti, miezi ya kufanya kazi kwenye redio au gazeti la kweli, na alama za huko zilihesabiwa kwenye digrii. Ukifeli atachimenti, huvai joho na wenzako.

Wazazi ndio walionichosha. Mama mmoja kutoka Runyenjes alinishika mkono nje ya ofisi akaniuliza, "Mwalimu, kweli mtoto wangu anasomea kuongea? Huyu alianza kuongea kabla ya kutembea." Nikamwambia mama, ndiyo maana tunamhitaji miaka minne. Hakucheka hata kidogo.

Baadaye Mkuu wa Kitivo alinihamishia kampasi ya Embu. Alikuwa mtu mpole wa maneno na mgumu wa sheria. "Embu wanakuhitaji," alisema, na kwa lugha ya vyuo maana yake ni kwamba barua imeshapigwa chapa. Nikafunga virago. Huko nilipewa kazi ya kuwazungukia wanafunzi walio atachimenti, niwakague, niongee na wakubwa wao, nirudi na ripoti. Niliipenda kazi hiyo kuliko kusimama darasani, kwa sababu darasani kila mtu ni hodari.

Mwanafunzi ninayetaka kuwasimulia habari zake aliitwa Mutwiri. Alikuwa Mmeru wa Kibirichia, mrefu, mwenye haraka, kijana wa kukuuliza swali kabla hujamaliza kujibu lile la kwanza. Tulipofika kwenye nadharia ya mlinda lango, ile inayosema kwamba kila habari hupita kwa mtu anayeamua ipite au izuiwe, aliinua mkono. "Madam, hiyo ni ya wakubwa wa magazeti. Sisi tutalinda lango gani?" Darasa likaangua kicheko. Nilimwambia akae chini, lango lake linakuja.

Atachimenti yake aliipata kwenye redio moja mjini Embu, inayotangaza kwa Kiembu na Kimbeere. Walimweka kwenye meza ya matangazo ya vifo. Usiidharau meza hiyo. Redio za kwetu zinaweza kukosea siasa, zikakosea mpira, zikakosea hata bei ya kahawa, na watu wakasamehe. Tangazo la kifo ni kitu kingine. Saa ya chakula cha mchana boma zima linanyamaza, na mtangazaji anasoma: marehemu ni nani, wa kijiji gani, mume wa nani, na kama wake ni zaidi ya mmoja wanatajwa wote kwa mpangilio wa kuolewa, kisha watoto nyumba kwa nyumba, wakwe, ndugu, wanafanya kazi wapi. Ni refu, ndiyo. Mgeni husikiliza akashangaa watu wana subira gani. Lakini kwetu, aliyetajwa hapo ndiye wa boma, na asiyetajwa ana kazi ya kujieleza.

Mutwiri hakuwa wa pale, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Ndio mchanganyiko uliomponza. Siku moja matangazo yalikuwa mengi na muda mchache, akafanya alivyojua: akakata kutoka chini. Tangazo la mzee Njeru wa upande wa Mbeere lilikuwa limeletwa na ndugu yake, limeandikwa vizuri, mume wa Marigu na Wanja, na watoto wa nyumba zote mbili. Likatoka hewani hivi: ameacha mke wake Marigu, watoto, na jamaa wengine.

Mimi nilifika kesho yake kwa ukaguzi wa kawaida. Pale mapokezi nilimkuta mama mmoja ameketi, leso imefungwa kichwani, vumbi hadi magotini. Nilimsalimia, akaitikia kwa adabu, akaendelea kutazama mlango wa studio. Huyo ndiye Wanja, mke wa pili.

Ofisini, meneja wa kituo alinieleza kwa kifupi. Mtoto mkubwa wa Marigu alikuwa amemwambia Wanja kwamba siku ya mazishi atakaa kwenye hema la wageni. Hata redio imesema mke ni mmoja. Mazishi yalikuwa kesho kutwa. Kwetu mjane asiyesimama kaburini pamoja na wajane, asiyetia udongo kama mke, ataulizwa hivi karibuni analima shamba la nani. Mama huyu alikuwa na watoto wanne na nyumba aliyoijenga yeye na mzee.

"Basi soma masahihisho leo saa saba," nikasema. "Saa ileile lilipotoka kosa. Hiyo ndiyo kanuni."

Meneja akajikuna shingo. "Madam, kanuni naijua. Huyo mtoto mkubwa anatangaza duka lake hapa kila siku. Nikisahihisha, ataniuliza nimenunuliwa na nani. Afadhali tuseme tulisoma kilicholetwa."

"Lakini hamkusoma kilicholetwa."

"Nani atajua?"

Mutwiri alikuwa amesimama karibu na mlango. Akasema polepole, "Mimi ndiye niliyekata."

"Nyamaza wewe," meneja akasema, bila ukali. Nadhani alimpenda. "Sikiliza nikuambie. Ukinyamaza, wiki ijayo unamaliza hapa na mimi nakupa alama nzuri, kazi yako ni safi. Ukitaka masahihisho yasomwe, utayasoma wewe, useme kosa ni lako, si la kituo. Na mimi sitakuwa na la kufanya ila kuandika kwamba ulitutia doa hewani. Umefeli. Chagua."

Nilitoka na kijana hadi kwenye kibaraza. Nilikuwa na hasira, nawaambia ukweli. Huyo meneja hakuwa chini yangu. Alama za kituo ni za kituo, na chuo huwa hakizifuti.

"Madam, wewe ungefanya nini?"

"Mimi sina mtihani hapa," nikamjibu. Lilitoka kwa ukali, nikalipunguza. "Mutwiri, nitakupigania chuoni. Lakini nikuambie wazi, huenda nikashindwa. Usifanye kitu ukinitegemea mimi."

Akatazama barabara. "Mama yangu amewaambia watu wa kanisa kwamba navaa joho mwaka ujao," akasema. Nilimhurumia sana. Alikuwa mtoto tu mwenye ndevu tatu kidevuni.

Kisha akarudi ndani, si kwa meneja, bali mapokezi. Akachuchumaa mbele ya yule mama, akatoa kalamu. "Mama, samahani. Niambie mnavyotajwa nyumbani kwenu. Mmoja mmoja."

Wanja alimtazama. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Meru, mama."

"Ndiyo maana," akasema. Halafu akamtajia majina, yake na ya watoto wake, taratibu. Kila Mutwiri alipoandika alimrudishia jina, naye mama akamrekebisha matamshi.

Saa saba akaketi kwenye maikrofoni. Hakuwa amewahi kwenda hewani maishani mwake. Alisema jina lake, akasema yeye ni mwanafunzi, na kwamba jana alipunguza tangazo la mzee Njeru bila ruhusa ya wenye tangazo, na kosa ni lake peke yake. Kisha akalisoma lote, tangu mwanzo, kwa Kiembu chenye Kimeru ndani yake. Msichana wa mapokezi alianza kucheka lafudhi hiyo, akaacha. Mume wa Marigu na Wanja. Spika ya mapokezi ilikuwa juu ya kichwa cha mama. Yalipofika majina ya watoto wake, aliyafuata kwa midomo bila sauti.

Lilipoisha akainuka, akajipangusa vumbi. Nikamuuliza kama angependa chai. "Hapana, mwalimu," akasema. "Wacha niende. Watu wameshafika kwangu kuomboleza na hakuna wa kuwapikia." Akaenda kupika kama mwenye boma. Mazishini alisimama kando ya Marigu. Ndugu ya mzee mwenyewe alipiga simu kituoni kutuambia.

Meneja naye alikuwa mtu wa neno lake. Aliandika alichosema ataandika. Kwenye kikao cha idara nilipiga meza, nikaeleza kwamba kijana huyu amejifunza kwa saa moja kitu ambacho sisi hufundisha miaka minne na hakiingii. Mkuu wa Kitivo alinisikiliza hadi mwisho. "Madam Kananu, nakubaliana nawe kila neno," akasema. "Lakini nikifuta alama ya kituo kimoja, kesho nitafuta za vyote. Atarudia." Niliumia. Hadi leo sijui kama alikosea, na mimi si mtu wa kukosa maoni.

Wenzake walipovaa majoho, Mutwiri alikuja uwanjani akiwa amebeba kamera ya idara, kuwapiga picha. Mama yake hakuja. Alirudia atachimenti, akahitimu mwaka uliofuata, na safari hiyo mama alikuja na kanisa karibu lote.

Mimi nimestaafu sasa, niko shambani upande wa Buuri, nalima viazi na kugombana na ngedere. Watu huniuliza kama kozi ile bado ina faida, maana kila mtoto ana chaneli yake na hahitaji studio wala mhariri. Huwa nawajibu kwamba zamani walinda lango walikuwa wachache na tuliwajua kwa majina. Siku hizi ni kila mtu, na hakuna aliyemfundisha. Sasa ndiyo tunawahitaji walimu. Huwa nasema hivyo kwa kujiamini sana, kama mtu ambaye mwenyewe amehitimu kulinda lango.

Mwaka jana mume wangu alifariki. Alikuwa mtu mwema, na bado namwekea kikombe asubuhi kwa kusahau. Tulipeleka habari kwenye redio moja ya Meru, na mkuu wa matangazo akanipigia simu mwenyewe. Alikuwa Mutwiri, sauti imekuwa nzito.

"Madam, pole sana. Ningemtuma mtu, lakini hili nimetaka kuliandika mimi. Nitajie majina."

Nikamtajia. Mimi, watoto wetu, wakwe, shemeji zangu. Akanisomea yote polepole, jina kwa jina, nami nikamrekebisha moja. Nikadhani tumemaliza. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi, kama anavyomuuliza kila mtu:

"Kuna mtu wa mzee ambaye hatujamtaja?"

Mume wangu alikuwa na binti, aliyezaliwa kabla hajanioa. Nilimjua kwa jina na kwa uso. Nyumbani kwetu hatukuwa na mazoea ya kumtaja, na watoto wangu walikuwa wameketi pale sebuleni wakinisikiliza. Mutwiri hakujua lolote kuhusu hilo. Alikuwa anafanya kazi yake tu. Alingoja, wala hakuniharakisha.

"Yupo," nikasema. "Anaitwa Makena."

"Nimweke mwisho, Madam, baada ya watoto?"

"Hapana," nikamwambia. "Mweke mbele yao. Yeye ndiye mkubwa."