Salamu za Kijiko kwa Nabintu

Niliondoka Bukoba kwa sababu ujumbe wetu ulifika na haukujibiwa. Kazi yangu ni kuchunguza jinsi habari za tiba zinavyosafiri kutoka mtu hadi mtu, na zikikwama, zimekwama wapi. Safari hii habari yenyewe ilikuwa njema. Kifua kikuu sugu, kilichokuwa kikitibiwa kwa sindano za kila siku hadi wagonjwa wakatoroka, sasa kinatibiwa kwa vidonge tu. Wenzetu wa Kampala walikuwa wakiituma habari hiyo kwenye milima ya Kivu, huko Kongo, ambako vita vimeangusha minara ya simu. Walitumia mtandao mpya wa majaribio, unaotoka kwenye setilaiti hadi kwenye simu ya kawaida bila kupitia mnara wowote. Mitambo ilionyesha kwamba ujumbe umepokelewa, lakini milima ikanyamaza. Wakubwa wangu wakaniambia nikaone kulikoni.

Asubuhi ya kuondoka, binti yangu Koku alinisindikiza hadi mlangoni mwa basi na wala hakulia. Afadhali angelia. Nilipakata kopo la senene wa kukaanga, wale panzi wa kwetu, kwa ajili ya wenyeji wangu, maana mkono mtupu haulambwi.

Mutukula, mpakani, ofisa wa upande wa Uganda alifungua kopo, akanihakikishia kwamba senene wa Masaka ni watamu kuliko wetu, kisha akachota kiganja kizima. Sikubishana naye. Mtu mwenye muhuri hashindwi.

Baada ya Masaka mvua ilishuka, na mafunjo ya kinamasini yakawa yanapita dirishani kijani kitupu. Nilijaribu kusoma ripoti, nikashindwa. Nilikuwa nikimkumbuka mwanangu, na hata nusu ya njia sijamaliza.

Kampala nilipokewa na Okello, fundi mkuu wa ule mtandao. Ni mtoto wa askari kutoka kaskazini, amekulia kambini Makindye, na Kiswahili alikipata huko huko pamoja na uji wa asubuhi. Alinipeleka kwa Mama Furaha, ambako ningelala. Huyu ni Mkongomani, muuza vitenge, na alikuwa akitusaidia kuandika ujumbe kwa Kiswahili cha kwao. Hakuifanya kazi hiyo kwa ajili yetu. Mdogo wake Nabintu alikuwa kule milimani, mgonjwa wa kifua hicho hicho. Alikuwa ameikimbia tiba baada ya sindano kuanza kumpigia kelele masikioni, na tangu mnara uanguke Mama Furaha hakuwa amemsikia tena. Alinieleza hayo akinipakulia sombe, kisamvu cha kwao, na kila mara simu yake ilipolia aliweka mwiko chini.

"Mimi sitake mengi, dada," alisema. "Anywe dawa. Kisha nisikie sauti yake."

Kesho yake tulikwenda Bugolobi, kwenye ghorofa waliyopanga wenzetu kwa ajili ya majaribio. Okello alinionyesha ujumbe uliokuwa ukitumwa. Ulikuwa mfupi na safi: tiba mpya, vidonge, hakuna sindano, nenda kituo cha afya. Setilaiti hupita, hubeba maneno machache, huondoka, na sauti haiwezi kubeba; mtandao wa sauti bado unatengenezwa. Kwa hiyo walikuwa wamepunguza kila neno lisilo la lazima, na kila mtu alipelekewa maneno yale yale ili vipimo visiharibike. Nilimsifu. Hata mimi ningefanya vivyo hivyo.

Mama Furaha, ambaye hakuwa ameuona ujumbe baada ya kupunguzwa, akauliza salamu alizoandika ziko wapi. Okello akamjibu kwa upole kwamba salamu zinakula nafasi.

"Mama, hii chombo iko na nafasi kidogo tu. Tumeweka dawa kwanza."

"Basi habatajibu," alisema Mama Furaha. "Kwetu mutu anaweza kufa, simu yake inabakia inaandika. Anayekuandikia bila salamu, wewe utajua ni nani?"

Aliendelea kutueleza kwamba kule milimani simu huporwa pamoja na uhai wa mwenyewe, na aliyeipora huwaandikia ndugu waje mahali fulani. Ndiyo maana watu husalimiana kwanza kwa mambo ya nyumbani ambayo mgeni hawezi kuyabuni. Na sisi, wataalamu wa habari, tulikuwa tumewaandikia watu wenye hofu kwamba waende mahali fulani, bila hata kuwaamkia.

Aliomba amwandikie Nabintu mwenyewe. Okello akanitazama. Tukikubali, vipimo vya milima yote vitakuwa na doa, na doa hilo ningelieleza mimi kwa wakubwa. Nikasema aandike.

Alipanda juu ya paa, ambako mbingu ni wazi, akaandika: "Ni mie Kijiko. Ile mbuzi ya kilema ilizaa? Na baba mukubwa angali anagombana na jua?" Nafasi ikaisha. Kijiko, alitueleza, ni jina alilopewa na Nabintu utotoni kwa sababu ya kulamba vijiko vya wageni.

Tulikaa pale paani tukila senene. Okello alidai wa Bukoba wana chumvi mno, ila mkono wake haukutoka koponi. Setilaiti ilipopita tena, simu ikatetemeka. Mama Furaha alisoma kwanza peke yake, kisha akatusomea: "Mbuzi ilizaa mbili. Kijiko, nilifikiri umekufa."

Alilia, na mimi nikalia pamoja naye bila aibu. Kisha akaandika habari ya vidonge. Jibu lilichelewa mpaka jua likaanza kutua upande wa Kibuli, na lilikuwa swali: sindano kweli hakuna? Uape kwa kaburi la mama.

Mama Furaha alinigeukia. "Dada, kaburi ni la mama yangu. Niape?"

Nimeandika ripoti nyingi, lakini hakuna aliyewahi kunidai neno langu namna hiyo. Nilimwambia nimewaona wagonjwa kwa macho yangu, wanameza, hawachomwi. Aape. Akaapa, na Nabintu akaandika kwamba kesho atashuka kituoni. Mama Furaha akamwandikia kwamba mtandao wa sauti ukifika atampigia siku hiyo hiyo.

Njiani kurudi, kabla ya mpaka, Okello alinipigia. Nabintu amefika kituoni na ameanza vidonge. Ila ametuma ujumbe mwingine: Kijiko asihangaikie mtandao wa sauti, masikio ya Nabintu yalimalizwa na zile sindano za zamani. Wao waandikiane tu.

Koku alinipokea stendi. Safari hii alilia, nikamshika kwa muda mrefu. Wakubwa wameipokea ripoti kwa manung'uniko, lakini sasa kila ujumbe unaokwenda milimani huandikwa na ndugu, na huanza na salamu. Majibu yanakuja. Nilichojifunza ni hiki: habari huaminiwa ikitoka kwa anayekujua.

Mama Furaha bado hupanda kule Bugolobi kumuuliza Okello mtandao wa sauti utafika lini. Nilipompigia, nilimkumbusha taratibu kwamba Nabintu hatamsikia.

"Najua, dada," alisema. "Yeye hatanisikia. Mimi nitamusikia."