Upande wa Mashariki wa Mji Wetu

Kosa langu la kwanza katika kuchora ramani nililifanya nikiwa darasa la tano, na tangu hapo sijafanya jingine linaloninyima raha kama hilo. Nilimwacha nyanya yangu nje ya mji.

Nililikumbuka juzi nilipokuwa nikitazama picha ya mji wetu iliyopigwa kutoka angani. Kuchora ramani nimejifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kila mstari huufuta mara nne kabla ya kuuamini. Ndivyo nilivyo. Niliivuta picha karibu nikaona upande wa mashariki umejaa mabati yanayong'aa. Pale, mwenzangu, zamani hapakuwa na bati hata moja.

Mji wenyewe ungeumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Uko kando ya Mto Tana, si mbali na Balambala. Una barabara moja ya mchanga mwekundu, msikiti, shule, maduka machache yaliyotazamana kama watu walionuniana, na birika la maji ambalo punda walilipigania kila asubuhi. Magharibi, kuelekea mtoni, waliishi wenye kuta: wafanyabiashara, walimu, askari. Mashariki ilikuwa ya wafugaji. Kiangazi kilipokaza walikuja kusimamisha herio, zile nyumba za duara za fito na mikeka, na mvua iliponyesha, nusu ya mji ilipandishwa juu ya ngamia ikaondoka.

Wazazi wangu walikuwa mbali na mifugo. Mimi niliachwa kwa abti, kaka wa mama, mwenye duka, ili nisome. Ayeyo, yaani nyanya, mama wa abti na mama yangu, alikuja kila kiangazi, na ni miezi hiyo tu ndiyo niliyokuwa na mtu. Maziwa yake ya ngamia yalikuwa na ladha ya moshi. Anjera yake, mkate laini kama chapati ya maji, aliipaka samli na sukari, akaikunja, akanitilia mkononi ikiwa bado inaunguza. Nilimwita ayeyo, naye akaniita ayeyo. Kwetu ndivyo desturi, jina la mkubwa humrudia mdogo.

Mwalimu wetu alitoka "Kenya". Ndivyo tulivyosema juu ya mtu yeyote aliyevuka daraja la Garissa kuja kwetu, utadhani sisi tulikuwa nchi nyingine. Alitutuma tuchore ramani ya mji na tuandike chini yake una watu wangapi. Ramani bora ingebandikwa ukutani ili wakaguzi waione muhula uliofuata.

Nikaanza kuzunguka na daftari. Nilimuuliza jirani ana watoto wangapi. "Kama Mungu alivyojaalia," akajibu, akaendelea kupepeta mchele. Ayeyo alinicheka. "Hata mbuzi hatuwahesabu," alisema. "Wakirudi jioni tunaangalia nani hayupo."

Sitaitaja idadi niliyoandika, kwa sababu haikuwa kweli. Niliwaza kwamba muhula ujao mvua itakuwa imenyesha, herio hazitakuwapo, na mkaguzi atasimama mbele ya ramani yangu aone kosa. Hakuna kitu nilichokiogopa kama hicho. Basi nikahesabu wenye kuta peke yao. Mashariki ikabaki nyeupe, na kwa kuwa ule weupe uliniudhi, nikachora hapo mshale wa kaskazini, mkubwa, kwa rula.

Ayeyo hakujua kusoma, lakini ardhi aliijua. Aliishika karatasi akaigeuza polepole mpaka mto wa kwenye ramani ukalala sawasawa na mto wenyewe. Kidole chake kikaanza kutembea.

"Huu msikiti. Hili birika. Hapa kwa abti yako, mlango mwembamba kama mkono wake."

Nikacheka. Kidole kikafika mashariki kikasimama.

"Na huyu ni nani amekaa kwangu?"

"Ni mshale, ayeyo. Unaonyesha kaskazini."

"Kaskazini imekosa mahali pengine pa kulala?"

Nikamweleza kwamba ramani ni ya vitu vinavyokaa, na yeye angehama.

"Mimi nahama na nyumba yangu," akasema. "Abti yako akiondoka, yake itabaki hapa inamlilia." Akanirudishia karatasi taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu.

Mvua zikaja wiki ile ile. Kila mwaka, siku ya kuhama, alinisubiri nitoke shuleni nimshikie kamba ya ngamia akifunga mkeka wa mwisho. Mwaka huo hakunisubiri. Nilikuta majivu na duara za miiba zilizokuwa zikizunguka herio, na mbwa mmoja akinusanusa. Abti alikuwa akipima sukari.

"Watu hufukuzwa kwa fimbo, abti," akaniambia. "Wewe umetumia penseli."

Kisha akaacha mzaha. Ayeyo alikuwa na binti mwingine upande wa Wajir, akasema, na kiangazi kijacho huenda angekwenda kwake.

Ramani yangu ilishinda, ikabandikwa. Msimu wote nilikaa nayo darasani, na jioni nilikwenda mashariki kusimama ndani ya duara moja baada ya nyingine. Nilizipima kwa hatua. Nyuma ya kalenda kuukuu nikazichora zote, na ndani ya kila moja nikaandika nani alilala wapi. Hapakuwa na wa kumwonyesha.

Kiangazi kiliporudi, ngamia wa kwanza waliingia bila yeye. Wa pili pia. Nilishaacha kungoja, kisha siku moja baada ya shule nikamwona amechuchumaa mashariki, anapinda fito. Nilimkimbilia na kalenda yangu. Akaigeuza mpaka mto ukakaa sawa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Umekosea," akasema. "Mwaka huu mlango wangu unatazama msikiti."

Nikatoa kifutio mfukoni. Akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Acha hiyo, ayeyo. Shika ufito huu, unaniponyoka."

Nilimaliza shule ukame ukifuata ukame. Ngamia walikufa, na bila ngamia, nyumba hazikuwa na wa kuzibeba. Mikeka ilioza ikafuatwa na maturubai, maturubai yakafuatwa na mabati. Ayeyo alifia katika chumba nyuma ya duka la abti, akilalamika kwamba pembe nne za chumba zinamkodolea macho. Mashariki yote nimeichora sasa, bati kwa bati, na hakuna nyumba niliyoiruka. Nikienda nyumbani, watu wa huko mashariki huniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nilipokuwa mdogo, mji wetu ulijaa na kupungua kila mwaka. Sasa hauhami. Mvua ikinyesha, watu huingia ndani na kufunga milango.