Nyumba Moja, Wenyewe Sita

Mama mmoja, mshonaji wa mashuka ya hospitali, alikuta mshahara wake umekatwa kodi ya jengo, naye ni mpangaji wa chumba kimoja. Karani wa mishahara akamtaka alete barua ya mwenye nyumba kuthibitisha kuwa amepanga tu. Mwenye nyumba akakataa katakata: "Dada, unataka kunichongea kwa watu wa kodi?"

Akarudi uani amenuna, akawauliza wapangaji wenzake watano, wote wafanyakazi wa hospitali hiyo hiyo. Kumbe nao wamekatwa!

Asubuhi wakaingia ofisini kwa pamoja. Karani akasoma hati zao za mshahara, namba ya jengo ni ile ile.

"Nyumba moja, wenyewe sita?"

"Na choo kimoja," mama akamjibu.

Karani akacheka, akayafuta makato. Hela zilirudi mwezi uliofuata.