Diski Ngumu Ndani ya Maharagi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Shefu wa Ofisi, mtu mfupi aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka, alinisimamisha mbele ya ordinateri, kompyuta moja tu tuliyokuwa nayo. Alichukua bisibisi, ambayo sisi huku tunaiita tournevis, akaondoa kifuniko cha pembeni, akaniambia niinamishe sikio.

"Unasikia nini?"

"Ni kama pikipiki inayopita mbali, Shefu."

"Njo roho yake ile. Inaitwa disque dur, diski ngumu. Siku sauti ikibadilika, uniite. Hata kama niko nakula, uniite."

Nilikuwa nimetoka Butembo na cheti cha kupiga mashine ya kuandika. Nilidhani nitapiga barua. Jina langu ni Kavira, ingawa tangu nizae mtoto wa kwanza watu wananiita Mama Grâce. Vijana wa leo wanaofanya kazi ya informatique, yaani ya kompyuta, hapa Goma wameniomba niwaeleze tulivyofanya zamani, na kila wakikutana nami wananiuliza swali moja: je, diski hizi mpya, SSD, zitaziua zile za zamani? Nitajibu, lakini acheni kwanza niwapeleke kule nilikoanzia.

Wakati ule wakimbizi walikuwa wamevuka mpaka kwa maelfu, na mji ulikuwa umejaa watu mpaka kwenye maji ya ziwa. Shirika letu, ambalo sitalitaja, lilikuwa linawatafutia watoto wazazi waliopotezana nao njiani. Kila mtoto aliandikiwa fishi, yaani kadi ya karatasi ngumu: jina lake, la baba, la mama, kilima alikotoka, mahali alipookotwa, na familia inayomlea kwa sasa. Mimi niliingiza fishi ndani ya ordinateri, na picha ya mtoto nikaipitisha kwenye skana. Yote hayo yalikaa ndani ya kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani.

Nilikipenda kile kisanduku. Ndani yake kuna sahani zinazong'aa kama kioo, zinazunguka kwa kasi kupita gurudumu lolote mnalolijua. Juu ya sahani kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika, na hakigusi. Kinaelea kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Siku kikigusa kinakwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Ndiyo maana asubuhi kabla ya kuwasha nilifuta vumbi jeusi la mawe yetu ya volkano kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, meza yote, hata miguu ya meza. Wenzangu walinicheka. Walisema namwogesha mtoto.

Kisha vita vikafika mjini. Koordonateri, yaani mratibu wa shirika, ambaye alikuwa mgeni, aliondoka na gari la kwanza. Tulibaki Shefu na mimi, na mabomu yakisikika upande wa uwanja wa ndege. Makabati ya fishi yalikuwa sita, yamejaa.

"Kavira," Shefu aliniambia, "hizi karatasi hatuwezi kubeba. Toa disque dur."

Niliitoa kwa tournevis, nikaizungushia kitenge, nikaitia katikati ya mfuko wa maharagi niliokuwa nimenunua kwa ajili ya nyumbani. Maharagi yanashika vizuri. Kitu hakigongi upande wowote. Niliubeba mfuko kichwani, tukafuata watu kwenye barabara ya Sake. Kwenye kizuizi askari alichovya mkono ndani ya mfuko mpaka kwenye kifundo, akauliza, "Mama, maharagi tu?" Nikajibu, "Maharagi tu, chukua kidogo." Akajaza kofia yake, akaniachia njia. Tulilala kwenye kambi ya Mugunga siku nyingi, juu ya mawe, na mvua haikutuhurumia. Maharagi yalianza kuota. Tuliyala hivyo hivyo, na diski nikaihamishia kifuani.

Tuliporudi, ofisi ilikuwa imebaki kuta. Waliolala mle walikuwa wamewashia moto zile fishi, kabati kwa kabati, na sikuwalaumu, maana wao pia walikuwa na watoto wenye baridi. Shefu aliazima ordinateri kwenye parokia, tukafunga diski yetu, tukawasha. Haikuzunguka. Ilitoa sauti ya kuguna, mm, mm, kama mtu anayejaribu kuinuka akashindwa.

Tulimwita Mkuu wa Mafundi wa shirika jirani, mzee wa nywele nyeupe aliyekuwa ametengeneza redio tangu enzi za Zaire. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Haiyakufa. Kichwa kimenata kwenye sahani ju maji ya mvua iliingia. Ushike mu mukono, namna hii. Wakati nawasha, ugeuze mara moja, kama unafungua chupa ya konfitiri. Moja tu!"

Niligeuza. Kwanza hapakuwa na kitu, kisha nilihisi uhai unapita kwenye kiganja, na sahani zikaanza kuzunguka. Shefu alipiga makofi. Mkuu wa Mafundi hakupiga. Alikuwa amesikia kitu kingine, mkwaruzo mdogo, na mimi nilikuwa nimeusikia pia.

"Munakili haraka," alisema. "Inaweza kufanya saa moja. Ukiizima haitaamuka tena."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi. Picha zilikuwa nzito na majina yalikuwa mepesi, lakini diski iliyochoka inasoma kwa kurudia rudia, na hata majina yangechukua muda.

"Majina kwanza," Shefu aliagiza. "Picha tutaona."

Nilikuwa nimekwisha kuweka vidole kwenye kibodi. "Shefu, mutoto wa miaka tisa atasema jina yake tena. Ule wa miezi munane atasema nini? Yeye hana kitu. Ana uso tu."

"Kavira, nimesema majina."

Sikumtii. Mara moja tu katika maisha yangu ya kazi sikumtii mkubwa wangu, na ilikuwa siku hiyo. Niliagiza mashine ianze na picha za wachanga. Shefu alikaa kwenye kiti, akashika kichwa, hakunigusa. Picha zikapita, moja, nyingine, nyuso zilizokunjamana kwa kulia mbele ya kamera. Zilipokwisha nikaanza majina, kambi kwa kambi. Tulikuwa tumebakiza faili la kambi ya mwisho pale mkwaruzo ulipogeuka kuwa mlio wa kugonga, tak, tak, tak, na kioo cha ordinateri kikaandika kwamba hakioni diski. Mkuu wa Mafundi alinyoosha mkono juu yake, akauondoa. "Imechoma," alisema. Basi.

Wale tuliowapoteza katika faili la mwisho walikuwa wakubwa, wanaojua kusema. Nilijifariji hivyo kwa majuma mawili, mpaka alipofika Papa Habimana, mkulima kutoka Masisi, kofia mkononi, akimtafuta binti yake Furaha.

"Mulimuandika," alisema. "Dada yangu aliona na macho yake. Mulimupiga hata picha."

"Ndiyo, Papa. Tulimwandika."

"Basi muangalie."

"Hatuna tena. Ile sehemu imepotea."

Alitazama ordinateri, kisha akanitazama mimi. "Mutoto mumoja anapotezwa mara mbili?"

Shefu alifungua kinywa kumwambia kwamba mashine iliharibika, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nikamtangulia. Nilimwambia Papa Habimana kwamba nilikuwa na saa moja, na kwamba mimi ndiye niliyechagua kuanza na wachanga. Hakupiga kelele. Alivaa kofia, akasema atarudi Jumanne.

Alirudi kila Jumanne. Kati ya Jumanne na Jumanne nilitembea na daftari, kutoka kituo hadi kituo, nyumba hadi nyumba, nikiandika upya kwa mkono wale niliowapoteza. Niliwapata wengi. Furaha nilimpata baada ya mwaka na zaidi, Sake, kwa mjane mmoja mshonaji. Alikuwa amerefuka, anajua kukata kitambaa, na yule mjane alikuwa akimwita mama. Sijui kama niliwahi kuona furaha na huzuni vikikaa kwenye benchi moja kama siku ile, baba upande huu, mjane upande ule, na msichana katikati hajui ageukie wapi.

Walipokuwa wanaondoka, yeye na Furaha, Papa Habimana alinivuta pembeni. "Wale bachanga. Wangapi walipata wazazi?"

"Wengi, Papa. Si wote."

Aliitikia kwa kichwa. "Ni vizuri. Lakini mimi singechagua vile."

Nilifungua daftari, nikatia alama kwenye jina la Furaha, nikaenda kwenye jina linalofuata.

Miaka ilipita. Vita vilikwisha na kuanza, majina ya makundi yakabadilika, Mugunga ikajaa na kumwagika na kujaa tena. Shefu alistaafu akarudi kwao Beni. Mimi nikawa mkuu wa huduma ya informatique, na chini yangu mafundi wanne. Tulikuwa sasa na ordinateri za kubeba, na timu zetu zilizipeleka kwa moto, yaani pikipiki, mpaka Masisi na kwenye njia ya Rumangabo. Mnajua barabara zile. Kila mwezi nililetewa mashine iliyokufa, na nikiiweka sikioni nasikia tak, tak. Nilikuwa na sanduku zima la diski zilizokufa. Siku nyingine nilizifungua nikazitoa sahani, wanawake wa ofisini wakazitumia kama vioo vya kujipodolea.

Kisha akaja Mkurugenzi wa Takwimu, mwanamke kijana aliyesomea Kinshasa, mwenye kutembea haraka. Aliweka mezani kwangu kitu chepesi kama biskuti.

"Mama Grâce, hii ni SSD. Hakuna sahani, hakuna kichwa, hakuna kitu kinazunguka. Ni vipande vya kumbukumbu tu, umeme unaandika ndani. Disque dur imekwisha."

Nikaiweka sikioni. Alicheka. "Haina sauti, Mama."

"Njo kile kinaniogopesha," nikamwambia.

Lakini nilikuwa nimekosea, angalau nusu. Tulizifunga kwenye mashine za safari, na sanduku langu la maiti likaacha kujaa. Moto ilianguka mtoni na fundi wetu. Tulikausha mashine, tukatoa SSD, na kila jina lilikuwamo. Mashine iliyokuwa ikichukua muda wa kunywa chai mpaka iwake, sasa iliwaka kabla hujakaa. Nilimfuata Mkurugenzi ofisini kwake nikamwambia yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Ilinigharimu kusema hivyo, ila nilisema.

Basi akaamua tubadilishe zote, hata zile za akiba zinazokaa kabatini na nakala za zamani. Hapo nikakataa. Tulibishana mbele ya mafundi, na mwishowe akaniruhusu niweke nakala moja kwenye disque dur kubwa, kwa masharti kwamba nisiombe nafasi nyingine kabatini. Mwaka uliofuata, asubuhi ya kawaida, watu wakiwa wamemaliza salamu, SSD ya mashine kuu haikuonekana. Jana yake ilikuwa nzima. Haikugonga, haikukwaruza, haikuchemka. Kioo kiliandika tu kwamba hakuna kitu. Fundi wetu Nsimire, mhandisi kutoka Bukavu, aliigeuza geuza mkononi kama mtu anayetafuta jeraha kwenye maiti.

"Nayo hatuwezi kuigeuza na mukono, Mama?"

"Hii, hapana."

Tulichukua disque dur kabatini. Ilizunguka kwa ile sauti yake, tukarudisha kila kitu kabla ya saa sita. Mkurugenzi alikuja akasimama nyuma yetu, akasikiliza, akasema, "Ina kelele kweli." Kwa jinsi alivyolisema neno lile nilijua ameomba radhi.

Hili ndilo jibu langu kwa vijana. Katika mashine mnayobeba, SSD imekwisha kushinda, na msipoteze muda kuililia ya zamani. Katika kabati, pale vitu vingi vinapokaa miaka mingi bila kuguswa, disque dur bado ina kiti chake, kwa sababu inabeba vingi, inavumilia kukaa bila umeme, na mara nyingi inakuonya kabla ya kufa. Itafika siku nayo itaondoka, kama zilivyoondoka disketi. Mimi nitaihuzunikia kwa sababu nilikuwa kijana nayo. Hiyo si sababu ya kifundi, najua.

Nilistaafu nikamwachia Nsimire funguo. Ninakaa karibu na Kituku, soko la samaki ziwani, na asubuhi naenda kuchagua sambaza, wale samaki wadogo, kwa mama ambaye amekuwa akiniuzia tangu tukiwa wote wembamba. Nilidhani nimemaliza.

Vita vilipoingia tena mjini, nilifunga mlango, nikakaa chini ya dirisha pamoja na wajukuu, na jambo lililokuja kichwani, Mungu anisamehe, halikuwa sala. Nilipiga simu ofisini. Haikuita. Nikapiga ya Nsimire. Aliitika mara ya tatu. Nyuma yake nilisikia watu wengi wanatembea.

"Nsimire, uko wapi?"

"Niko barabarani, Mama. Usiogope."

"Disque dur? Umeitoa? Umeifunga na nini?"

"Hapana, Mama. Sikutoa kitu."

 Niliona makabati sita yanawaka.

"Iko Bukavu," alisema. "Nilipeleka nakala na mashua mwezi uliopita, na ingine mwezi wa kabla yake. Ile ya ofisi bachukue tu. Mama? Mama Grâce, unanisikia?"

Nilikuwa namsikia. Miaka yote ile nilijivunia kuokoa diski risasi zikilia, na sikuwahi hata siku moja kufikiria kuituma kabla hazijalia. Nilimwambia abebe maji, ashike njia na wenzake, akifika salama anijulishe. Kisha nikakata ili nisimalize umeme wa simu yake, nikawavuta wajukuu karibu zaidi na ukuta, na nikasali.